Umri wa Kitabu, Umri wa Betri

Hivi karibuni kamati ya shule moja ya msingi huku Tanga, ambayo mimi ni mjumbe wake tangu nistaafu ualimu, ilipata ahadi ya msaada. Mfadhili alitupa hiari: fedha zilezile zinunue visomeo vya kielektroniki vilivyosheheni mamia ya vitabu, au zinunue vitabu vya karatasi pamoja na kabati za kuvitunzia. Walimu vijana walitaka visomeo, na hoja zao zilikuwa na uzito. Kifaa kimoja kinabeba maktaba nzima, hakiliwi na mchwa, na kitabu kipya kinaingia bila kusubiri gari la mizigo. Ndipo mweka hazina wetu, mama muuza samaki asiyependa maneno mengi, akauliza: "Na hicho kidude kitaishi miaka mingapi?"

Wakanigeukia mimi, kwa sababu nimeishi na vyote viwili. Niliomba nipewe muda. Jibu jepesi, kwamba kitabu cha karatasi hudumu zaidi, ni kweli nusu tu, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayogusa fedha za watoto. Niliporudi nyumbani nikaanza kukumbuka.

Babu yangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge nje ya mji. Hakuacha mali ya kutajika isipokuwa sanduku la bati lenye vitabu, na kati yake kulikuwa na *Kusadikika* ya Shaaban Robert, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Mimi nilikifikia miaka ya sabini, nikiwa msichana wa shule ya msingi. Kurasa zilikwisha kuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Ncha zake zilikatika ukizikunja, na mgongo ulikuwa umeachia, karatasi za katikati zinatoka kwa mafungu.

Babu hakukitupa. Alinishika mkono tukaenda Ngamiani, kwa mzee mmoja aliyekuwa akijalidi misahafu ya vyuoni. Naikumbuka mikono yake kuliko sura yake. Alikifumua kitabu chote kwa wembe, akazipanga kurasa makundi makundi juu ya ubao, akazitoboa kwa sindano nene ya kushonea magunia, kisha akazishona kwa uzi alioupitisha kwanza kwenye nta. Gundi aliipika mwenyewe: uji mzito wa unga wa ngano, na ndani yake chembe za mrututu, ule wa buluu, ili mende wasiuguse. Jalada jipya alilikata kwenye boksi nene akalivisha kitambaa cha khaki. Kitabu kikalala chini ya jiwe, na kesho yake tulikifuata kikiwa kizima. Kilisomwa na wajomba zangu, kikasomwa na mimi, na wanangu nao wakakisoma.

Siku ile niliona jambo ambalo nimelipima mara nyingi tangu hapo. Kitabu hufa kiungo kimoja kimoja, na kila kiungo kina fundi wake mtaani. Uzi, unga, boksi na kitambaa vyote vinapatikana dukani. Ukikifumua unakiona chote, hakuna sehemu iliyofungwa ambayo funguo zake ziko ng'ambo. Mtoto aliyesimama pembeni akitazama anaweza kujifunza kazi ile kwa macho.

Lakini ile rangi ya chai haikutibika, na sababu yake nilikuja kuielewa nikiwa chuo cha ualimu. Zamani karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani. Kuanzia katikati ya karne ya 19 viwanda vikahamia kwenye massa ya miti, na ili wino usisambae vikawa vinatia shabu pamoja na utomvu wa msonobari. Mchanganyiko huo huacha asidi ndani ya karatasi, na asidi hukatakata nyuzi zake kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Joto na unyevu, yaani hali ya hewa ya Tanga, Mombasa na Unguja, huiharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana kitabu cha juzi kinaweza kuwa hoi kuliko cha kale. Mswada wa *Utendi wa Tambuka* unaotajwa kuwa wa mwaka 1728, uliotoka Pate, umehifadhiwa Hamburg, Ujerumani, na wataalamu wameusoma baada ya zaidi ya karne mbili. Viwanda vilianza kurudi kwa wingi kwenye karatasi isiyo na asidi miaka ya 1980, na mwaka 1994 kikatoka kiwango cha kimataifa cha karatasi ya kudumu, ISO 9706. Kwa hiyo mtu akisema "kitabu cha karatasi" hajasema bado kitaishi muda gani. Kipo cha kurithisha wajukuu, na kipo kilichobandikwa gundi mgongoni bila uzi, ambacho darasa moja la watoto hukimaliza kabla mwaka haujaisha.

Na kipo kinachouawa kabla hakijasomwa. Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa Handeni. Vitabu vya kiada viliwasili siku chache kabla ya likizo ndefu, kabati zikawa bado hazijaja, maboksi yakawekwa sakafuni ofisini. Tuliporudi, maboksi yalionekana salama kabisa. Mwalimu mwenzangu aliinua moja likaja jepesi mno. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka kwenye ufa wa sakafu, wakala kurasa zote za kati, wakaacha majalada na udongo uliogandamana katika umbo la vitabu. Nilimwona mwalimu mkuu, mtu mzima, akiishika ile tofali ya udongo mikononi bila kusema neno.

Somo la Handeni halikuwa kwamba karatasi ni dhaifu. Shule jirani, upande wa pili wa mlima, walikuwa na vitabu vilevile, salama, kwa sababu chumba chao kilikuwa na sakafu nzuri. Tuliazima, wanafunzi wa darasa la saba wakanakili sura nzima nzima kwa mkono, na muhula ukaenda. Nakala moja ya kitabu ina maisha mafupi kama ya kiumbe yeyote. Kinachokipa kitabu umri ni wingi wa nakala zilizotawanyika, kila moja chini ya paa lake, na hakuna mtu mmoja mwenye uwezo wa kuzizima zote kwa siku moja. Sikujua wakati ule kwamba jambo hilo lingekuja kuwa na maana kubwa zaidi kwenye zama za umeme.

Mwaka 2011 mdogo wangu anayeishi Muscat alinitumia kisomeo. Wanaokumbuka mwaka huo Tanzania wanajua ulivyokuwa: mgawo wa umeme usio na simile, jenereta zikinguruma mitaani mchana kutwa. Kifaa kile kilinijia wakati unaokifaa. Kioo chake hakitoi mwanga kama simu. Ndani yake kuna vijifuko vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi, kila rangi ikiwa na chaji yake ya umeme; ukibonyeza kufungua ukurasa, chembe zinazohitajika hupanda juu, kisha hubaki hapohapo bila kula umeme tena. Umeme hutumika hasa pale ukurasa unapobadilika. Teknolojia yenyewe ilikuwa changa: Sony ilianza kuuza kisomeo cha aina hiyo Japani mwaka 2004, na Amazon ikaileta Kindle Novemba 2007. Mimi nilikuwa nakichaji kisomeo changu leo nikasahau habari ya chaji kwa wiki kadhaa. Nilikisoma kwenye basi la Dar es Salaam, nilikisoma barazani jua kali la mchana, na maandishi yalizidi kung'aa kadiri jua lilivyozidi. Nilikipenda, na hadi leo sioni sababu ya kuwasema vibaya waliokibuni.

Nilikipenda zaidi kwa sababu ya mtu mmoja. Mwalimu aliyenifundisha Kiingereza sekondari alikuwa jirani yetu, mzee tayari, na presha ya macho ilikuwa imemlia uwezo wa kuona karibu wote. Vitabu vyake vilikuwa vimejaa ukutani, vizima, vilivyotunzwa vizuri, na hakuna hata kimoja alichoweza kukisoma. Nilimpelekea kisomeo, nikayakuza maandishi hadi mwisho, ukurasa ukabaki na maneno machache tu. Nikamfungulia riwaya ya Dickens aliyotufundisha enzi zile. Alisoma kimya, kidole kikifuata mstari, akabonyeza ukurasa mwenyewe, akabonyeza tena. Baadaye akaniambia, "Mwanangu, nilidhani nimekwisha kuagana na vitabu." Nikamwachia. Kila jioni nilipita kukichukua, na kila asubuhi mjukuu wake alikuja kukifuata.

Tunapolinganisha umri wa kitabu na umri wa kisomeo tunamsahau mtu wa tatu, ambaye ni msomaji. Vitabu vya yule mzee vilikuwa na uwezo wa kuishi miaka mingine 50, ila macho yake hayakuwa na miaka hiyo. Kifaa chenye maisha mafupi kilimrefushia yeye maisha ya kusoma. Kila ninapomsikia mtu akikibeza kisomeo kwa jumla, namkumbuka mwalimu wangu, na hoja hiyo naikataa.

Jambo moja tu lilinihuzunisha hata katika siku hizo njema. Vya Kiingereza nilivipata kwa maelfu, tena vingine bure kutoka Project Gutenberg, kazi iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971. Vya Kiswahili nilivitafuta nikapata vya kuhesabika. Mzee aliniomba Shaaban Robert. Nilimsomea mimi kwa mdomo, kutoka kwenye kitabu cha babu chenye jalada la khaki.

Mzee alifariki, Mungu amrehemu, na kisomeo kikarudi kwangu. Muda si mrefu mama yangu akaugua. Anayeuguza hasomi, kisomeo kililala ndani ya droo kwa muda mrefu. Nilipokitafuta tena hakikuwaka. Nilikiunganisha na chaji usiku kucha, wapi. Betri za lithiamu, hizi zilizomo pia kwenye simu zetu, huzeeka kwa njia mbili: kwa kuchajiwa na kutumika, ambapo kwa kawaida huanza kuchoka baada ya mizunguko kamili kati ya 300 na 500, na kwa kukaa tu, hasa mahali pa joto. Ikiachwa ikauka kabisa, saketi inayoilinda hukata mawasiliano ili isije ikaleta hatari, na mara nyingi hapo ndipo mwisho wake. *Kusadikika* kiliwahi kukaa sandukuni muda mrefu zaidi ya huo bila mtu kukigusa. Kulifungua sanduku kulitosha.

Nilikipeleka Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwa kijana mmoja anayesifika kwa kufufua simu. Alikigeuza geuza, akatafuta skrubu, hazikuwepo. "Mama, hiki hakikutengenezwa kifunguliwe," akasema. Lakini hakukirudisha. Alikipasha kingo kwa mashine ya hewa ya moto hadi gundi ikalegea, akaingiza kipande cha kadi ya plastiki na kukitembeza pole pole pande zote, akisikiliza vishikizo vikiachia kimoja kimoja. Betri ilikuwa imebandikwa kwa gundi. Ya kufanana nayo haikuwepo mtaani, basi akatafuta ya simu yenye volti zilezile, ndogo kidogo, akaikata nyaya, akazilehemu, akaishikilia kwa utepe. Kioo kikarudi uhai. Nilipomtazama yule kijana nilimwona mzee wa Ngamiani na uji wake wa ngano: akili ileile, uvumilivu uleule. Tofauti ilikuwa kwamba mzee alifanya kazi na kitu kilichomkaribisha, na kijana alifanya kazi na kitu kilichomfungia mlango.

Kisomeo kikafa mara ya pili nikiwa nyumbani, na kifo hiki hakuna fundi wa Aggrey anayeweza kukitibu. Vitabu vilivyokuwa ndani vilifunguka. Lakini vile nilivyovinunua na kuviacha kwenye hifadhi ya duka lililoniuzia, nilipotaka kuvirudisha, duka lilikataa: toleo hili la kifaa halihudumiwi tena. Hapakuwa na ufa wala unyevu, na hapakuwa na mdudu. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa ameamua kwamba muda wa kifaa changu umekwisha, na uamuzi wake ukanifikia Tanga kama ulivyowafikia wengine wenye kifaa cha toleo lile popote walipo. Nilivyobaki navyo mkononi ni vile visivyo na kufuli, vya bure.

Sikuwa wa kwanza. Julai 2009 Amazon iliondoa kutoka kwenye Kindle za wateja wake nakala za *1984* na *Animal Farm* za George Orwell, kwa kuwa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo; wateja walirudishiwa fedha, na mkuu wa kampuni akaomba radhi. Sony ilifunga duka lake la vitabu Amerika Kaskazini mwaka 2014, wateja wakahamishiwa Kobo. Microsoft ilifunga lake mwaka 2019, ikarudisha fedha, na vitabu vyenyewe vikaacha kufunguka. Mwishoni mwa Juni 2023 duka la Kindle la China lilifungwa. Februari 2025 Amazon iliondoa njia ambayo wateja waliitumia kupakua vitabu walivyonunua hadi kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Wanaorudishiwa fedha wametendewa haki ya fedha. Ila fedha haimrudishii mtu maelezo aliyoyaandika pembeni mwa kurasa, na haimwezeshi bibi kumwachia mjukuu.

Kwa shule, tishio la kwanza ni la kawaida zaidi ya hilo: kioo. Mwaka 2010 shirika la Worldreader, lililoanzishwa mwaka huohuo na David Risher na Colin McElwee, lilipeleka visomeo kwenye shule za Ghana katika majaribio yaliyosaidiwa na serikali ya Marekani. Watoto walisoma kwa hamu, na walipata vitabu vingi kuliko waliovipata awali. Lakini takriban asilimia 40 ya vifaa viliharibika katika kipindi hicho cha kwanza, vingi kwa kuvunjika kioo. Mimi sishangai. Chini ya ule wino wa umeme kuna bamba jembamba la kioo, na mtoto anayekalia begi lake hakosi kulivunja. Kitabu kikikaliwa hukunjika, kikaendelea kusomwa. Baadaye shirika hilo lilielekeza nguvu zake nyingi kwenye simu ambazo familia tayari zinazo, na naona lilifanya vyema.

Haya yote niliyaeleza kwenye kikao kilichofuata, na mjadala ulikuwa mrefu. Mwalimu wa kompyuta aliuliza swali zuri: je, kosa ni la kisomeo chenyewe, au la namna kinavyotengenezwa na kuuzwa? Ni la namna, nikamjibu, na inabadilika pale watu wanapodai. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria, kanuni namba 1542 ya mwaka 2023, inayotaka betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe kuanzia tarehe 18 Februari 2027. Na mafaili yasiyo na kufuli, kama ya EPUB ya kawaida, yanaweza kuhamishwa kutoka kifaa hiki hadi kingine bila kuomba ruhusa ya mtu, na kunakiliwa kama tulivyonakili vile vya Handeni. Kisomeo cha namna hiyo ningekipokea kwa mikono miwili.

Mweka hazina akarudia swali lake. Nikamwambia: betri miaka michache, kioo hakina dhamana mikononi mwa watoto, na ruhusa ya duka ni mpaka watakapoamua wao. Kitabu kilichoshonwa, kwenye kabati iliyoinuliwa kutoka sakafuni, kitamkuta mjukuu wake darasani. Akatikisa kichwa, akaandika.

Barua tuliyomwandikia mfadhili inaomba sehemu kubwa ya fedha iende kwenye vitabu, vilivyoshonwa kwa uzi inapowezekana, nakala nyingi za kila kitabu na vingi vyake vya Kiswahili. Kabati zenye miguu. Na kiasi kidogo cha kununulia uzi, sindano na gundi, pamoja na kumlipa fundi awafundishe wanafunzi kujalidi. Tumeomba pia visomeo vichache kwa ajili ya watoto wenye uoni hafifu, maana shule ina watoto watatu ambao maandishi ya kawaida hayawafai, na hilo sikukubali liondolewe kwenye barua. Masharti yetu kwa vifaa hivyo ni mawili: betri iwe ya kufunguliwa kwa bisibisi, na vitabu vyake visiwe na kufuli. Mfadhili amejibu kwamba vya namna hiyo havimo kwenye orodha ya muuzaji wake, akauliza kama tutapokea vya kawaida. Tumemjibu vitabu vitangulie, na kwa visomeo aendelee kututafutia.